Maji ya Bomba Yanapogeuka Rangi ya Udongo

Ndugu wenyeviti na wajumbe wa kamati za parokia, ndugu wafadhili wetu,

Mvua za mkoa wetu wa Katavi kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ni neema kwa mahindi na mpunga, lakini ndiyo miezi ambayo mama wa Mpanda hufungua bomba akakuta maji yenye rangi ya chai ya maziwa.

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni tope la chanzoni: mvua huosha udongo wa mashamba na milima iliyo wazi na kuupeleka mitoni na mabwawani. Ya pili ni mabomba yenyewe. Maji yakikatika, presha hushuka na maji machafu huweza kupenya penye nyufa; yakirudi kwa kasi husukuma kutu na mashapo. Ili kutofautisha, acheni bomba litiririke kidogo. Yakisafika upesi, tatizo huenda liko kwenye mabomba. Yakibaki na tope siku nzima baada ya mvua kubwa, huenda liko chanzoni. Toeni taarifa mamlaka ya maji mkiwa na tarehe na mtaa.

Udongo wenyewe si kipindupindu wala homa ya matumbo. Hatari ni kwamba tope huficha vijidudu na kula nguvu ya klorini. Kwa hiyo kutia dawa katika maji ya tope hakutoshi. Kwanza yaacheni yatulie, kisha myachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara kadhaa, ndipo myachemshe au mtie dawa. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kuchuja kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo husaidia tope kuzama, ila haziondoi haja ya kuchemsha.

Hata hivyo, kuchemsha kunahitaji kuni au mkaa, na kila mti unaokatwa juu ya chanzo huongeza tope la mvua ijayo. Familia maskini hulipa mara mbili: kwa mkaa, na kwa matibabu ya mtoto anayeharisha. Ndiyo maana dawa ya kudumu iko chanzoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa.

Hivyo basi, tunaomba kila kamati itembelee chanzo kilicho karibu kabla ya mvua, ikae na serikali ya kijiji pamoja na wakulima na wafugaji kuhusu mita hizo 60, na ifundishe kila kigango kutuliza na kuchuja maji.

Kwenu wafadhili, tunajua kuwa bomba jipya huzinduliwa na kupigwa picha, wakati ukanda wa miti hauna sherehe. Tunawaomba kila mradi wa bomba uwe na fungu la kulinda chanzo. Bila hilo, tutakuwa tunawafikishia watu tope hadi mlangoni.