Mwalimu Naye Hufundishwa

Hotuba ya mchungaji mgeni kutoka Mtwara katika Jubilei ya Miaka Mia ya Usharika



Nimetumwa kuleta salamu za washarika wa Mtwara, hadi vijiji vya mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Mnapomshukuru Mungu kwa miaka mia, kumbukeni kwamba kanisa letu limelelewa na walimu. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule. Na mwaka 1530 alisema kwamba kama angeacha kuhubiri, angependa kuwa mwalimu wa watoto.

Kwetu wapo vijana wenye shahada za sayansi, biashara au lugha wanaotamani kufundisha. Lakini ajuaye hesabu si lazima ajue kwa nini mtoto anazikosea. Ndiyo sababu hutakiwa wasome pia Stashahada ya Uzamili ya Ualimu: saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, upimaji, kisha mazoezi darasani chini ya msimamizi. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina kituo Mtwara. Kijana aweza kusoma bila kuhama kwao.

Kikwazo ni msimu. Vyuo vingi hufunguliwa Oktoba au Novemba na kudai ada, wakati korosho ndiyo kwanza zinapelekwa ghalani, na fedha hufuata baada ya mnada. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo wakulima waliongoja malipo hadi mwaka uliofuata. Hapo kijana huahirisha masomo mwaka mmoja, kisha wa pili, na mwisho huacha kabisa.

Kwa hiyo tunakusudia kuanzisha mfuko wa kukopesha ada pasipo riba: mkopo utolewe Oktoba, urejeshwe malipo ya korosho yakitoka. Ada ya mmoja leo itamsomesha mwingine mwakani.

Wako watakaosema kwamba ajira ni chache, na kwamba mhitimu aweza kupangiwa kituo mbali. Ni kweli, wala hatutamfunga mtu. Lakini popote atakaposimama, watoto wa watu watakuwa mikononi mwa aliyefunzwa kazi yake. Tunawaomba mtuunge mkono, ili shukrani yenu ya miaka mia iwe pia mbegu.

Mungu awabariki. Amina.