Kidonge cha Kila Siku: Mazungumzo ya Afisa Habari na Wakazi wa Kata za Bonde la Ruvuma



Mimi si tabibu. Stashahada yangu ni ya mawasiliano kwa umma. Nimeombwa nieleze kwa lugha nyepesi kwa nini mgonjwa wa saratani ya damu hupata nafuu, kisha dawa ileile ikaonekana kushindwa.

Ipo saratani ya damu iendayo polepole. Dalili zake ni uchovu, jasho la usiku, kukonda na bandama kuvimba. Huku pwani bandama ikivimba husemwa ni malaria ya siku nyingi, au jirani katia mkono. Mwamuzi ni kipimo cha damu. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wanasayansi wa Philadelphia, waliona katika seli za wagonjwa kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Baadaye ilibainika kuwa vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana nafasi, na protini itokanayo na mabadiliko hayo huziamuru chembe nyeupe zizaane bila kikomo. Ugonjwa huu hauambukizi.

Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, kidonge kinachoizuia protini hiyo. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Tanzania wameipata katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mpango wa msaada, bila kuilipia.

Lakini dawa hiyo huzuia. Haing'oi kila mzizi. Mkulima wa mpunga aliyeacha palizi katikati anajua magugu hufanya nini. Seli zilizosalia huzaana tena, na kadiri zinavyozaana ndivyo inavyowezekana kutokea zilizobadilika umbo, ambazo dawa haizishiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 87 jijini London. Miongoni mwa waliomeza asilimia 80 ya vidonge au pungufu, hakuna hata mmoja aliyefikia kiwango cha nafuu wanachokitaka madaktari. Asilimia 80 ya mwezi ni siku 24. Aliyeruka siku 6 tayari yumo. Nakiri hesabu hiyo ilinishtua, maana siku 6 ni safari moja ya dago, au juma la kuokota korosho.

Tena, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini liivunje imatinibu upesi mno. Anayetumia zote mbili amwambie daktari. Mitishamba nayo itajwe, bila aibu.

Seli zikishakuwa sugu, daktari hupima damu upya ili ajue zimebadilikaje, ndipo aongeze kipimo cha dawa au aandike nyingine, kama dasatinibu au nilotinibu. Wengi huitikia tena. Hata hivyo yapo mabadiliko ambayo hizo nazo haziyawezi, na dawa za hatua hiyo ni ghali sana.

Kidonge humezwa pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Aliyesahau leo asimeze mara mbili kesho. Mvuvi aendaye dago afunge vidonge vyake mahali pasipoingia maji, na ahesabu siku kabla ya kuondoka. Mwenye bandama iliyovimba aanzie zahanati. Mganga ataandika rufaa ya kwenda Ligula au Hospitali ya Kanda pale Mitengo.