Mitambo ya Muziki ya Kikundi: Nani Atakaa Nyuma Yake?

(Mazungumzo kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)



Katika kuzunguka kwetu tumeona jambo moja. Kikundi kikishapata viti vya plastiki, mahema na masufuria makubwa ya kukodisha, swali linalofuata ni la muziki. Mwenye harusi akija kuchukua viti 200 anauliza, na muziki je, mnao? Mkisema hapana, anakwenda sokoni kwa mtu binafsi, na pesa zile zinawapita hivi hivi mkiziangalia. Kwa hiyo ni haki kuuliza, na ndiyo sababu tumeombwa tuzungumze leo juu ya kununua mitambo, kuitunza na kuwachezea watu muziki.

Tuanze na tofauti ya kiti na spika. Kiti hakihitaji dereva. Mkishakipeleka kinakaliwa, kinarudi, kinahesabiwa, basi. Spika bila mtu anayeijua ni sanduku tu, na mikononi mwa asiyejua ni sanduku la hasara. Vikundi vingi huweka pesa zote kwenye masanduku, halafu anatafutwa kijana yeyote aliye karibu wa kuyaendesha. Sisi tunasema mpango uanze na huyo kijana.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme mitambo imegharimu shilingi 120,000 na mnakodisha kwa 5,000 kwa siku. Mlipeni mwendeshaji 1,000, usafiri 800, petroli ya jenereta 500, na wekeni kando 700 za matengenezo. Kikundi kinabaki na 2,000. Hiyo ni kusema mtakodisha mara 60 ndipo mtoe gharama yenu, kabla hatujagusa riba ya mkopo. Agosti na Desemba kazi ni tele, lakini mvua za masika zikianza hata harusi moja kwa mwezi ni bahati. Kwa hiyo msikimbilie kununua. Kodisheni kwanza mitambo ya mtu mwingine mara tatu au nne, muone kama mna wateja na kama kijana wenu anaweza kazi.

Mkifika dukani, msidanganywe na wati. Kuna spika zimeandikwa wati elfu kadhaa za PMPO. Hiyo ni namba ya kuuzia tu. Ulizeni wati za RMS, ndizo spika inazoweza kubeba saa nzima bila kuungua. Na jueni kwamba ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua kwa shida. Ili watu waone sauti imekuwa kubwa mara mbili, mnahitaji wati mara kumi hivi. Ndiyo maana kununua spika kubwa kuliko za jirani ni mashindano yasiyo na mwisho. Kwa mikutano na harusi zetu za kawaida, spika mbili nzuri za inchi 15 zenye miguu ya kusimamia, miksa ndogo na maiki mbili za waya zinatosha kuanzia. Miguu hiyo msiidharau. Spika ikikaa chini, watu wa mbele wanaumizwa masikio na wale wa nyuma hawasikii maneno, kwa sababu miili ya watu inameza sauti nyembamba. Inueni spika juu ya vichwa.

Tena uwanjani, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti inapungua desibeli 6. Anayekaa mita 40 hapati nusu ya anachopata aliye mita 5, anapata kidogo zaidi ya hapo. Dawa yake ni kusogeza viti karibu. Kupandisha sauti kunawaadhibu akina mama waliokaa mbele na watoto wao.

Kama mmenunua amplifaya kando, angalieni omu. Spika 2 za omu 8 zikiunganishwa pamoja, amplifaya inaziona kama omu 4. Ukiongeza nyingine 2 ulizoazima, zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi za bei yetu hazivumilii hiyo. Zinachemka, zinazima, na mafundi wanapata kazi.

Wengi hudhani spika huungua kwa sababu amplifaya ni kubwa mno. Mara nyingi ni kinyume. Amplifaya ndogo inasukumwa kupita uwezo, taa nyekundu inawaka bila kuzima, sauti inakwaruza, na zile spika ndogo za sauti nyembamba zinakatika moja baada ya nyingine. Taa nyekundu ikiwaka na kuzima mara moja moja, sawa. Ikikaa, rudisha chini, hata kama bwana harusi anapiga kelele kwamba anataka zaidi. Na wakati wa kuwasha, miksa kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya kwanza. Ule mlio wa “dumu!” unaosikika mtu akikosea ndio unaovunja koni za spika.

Sasa stima. Hapa tunaomba msikilize hata kama mengine mtasahau. Soketi ya kawaida ya ampia 13 inatoa wati 3,000 hivi. Mkiunganisha hapo mitambo, taa za hema na birika la chai la wapishi, mnaitafutia sherehe giza. Waya mrefu wa kuongezea ukiachwa umejikunja kwenye gurudumu lake unapata moto, kwa hiyo ufungueni wote. Jenereta ikae nje, mbali na watu, isiingizwe katika chumba hata mvua ikinyesha, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa usingizini kwa moshi wa namna hiyo. Halafu kuna ujanja mmoja wa hatari sana. Spika zikivuma “mmmmm”, fundi wa mtaani anakata ule waya wa kijani na njano wa ardhini ndani ya plagi, na kweli uvumi unakoma. Lakini siku stima ikivuja kwenye chuma cha amplifaya, haina pa kwenda ila kupitia kwa anayeshika maiki. Kikundi kiandike katika sheria zake kwamba hakuna mtu wa kukata waya huo. Uvumi unaondolewa kwa kuunganisha vyombo vyote kwenye soketi moja na kutenga waya za sauti na za stima. Na mvua ikianza kuingia hemani, zimeni.

Basi twende kwa kijana wetu. Au msichana wetu, kwani hakuna kitu katika kazi hii kinachotaka ndevu. Chagueni wawili, si mmoja. Akiwa mmoja, baada ya miezi sita mitambo inakuwa yake. Yeye ndiye anayejua waya, wateja wana namba yake ya simu, na nyimbo zote ziko kwenye laptopu yake. Tulitembelea kikundi kimoja ambacho mwendeshaji wake aliondoka kwenda mjini na kubeba laptopu yake, kama ilivyo haki yake. Spika zilibaki stoo, zimefunikwa vizuri kwa kitambaa, lakini kikundi hakikuwa na wimbo hata mmoja. Nyimbo ziwe mali ya kikundi, zikae katika diski ya kikundi, na nakala ya pili kwa mweka hazina. Wateja wapige simu ya kikundi. Na waendeshaji walipwe kila kazi, siku hiyo hiyo. Kijana asiyelipwa atajilipa mwenyewe.

Kucheza muziki kwa watu kunajifunzwa kwa kutazama miguu. Anayekodolea laptopu macho mchana kutwa hajui kama watu wamekaa au wamesimama. Wakati wa chakula muziki uwe chini, watu wazungumze. Baadaye waanze wazee na rumba au benga ya zamani, kwa sababu mzee akishainuka kijana hana haya ya kuinuka. Vijana wakianzishiwa ya kwao saa saba mchana, wazee wanaaga mapema, na mara nyingi ni hao wenye mchango wa mwisho mfukoni.

Tena msiukate wimbo kabla haujaiva. Katika rumba ya Kongo kuna sebene, pale waimbaji wanapopisha na gitaa linaanza kukimbia. Benga yetu nayo ina mahali pake pa magitaa. Watu wamevumilia maneno yote wakingojea hapo. DJ mwenye haraka anabadilisha wimbo dakika ya pili, halafu anashangaa uwanja kubaki mtupu. Na wakiwa kwenye mugithi, wameshikana kama mabehewa ya treni, usibadilishe mwendo ghafla, utaikata treni katikati.

Jambo hili la kutazama watu ndilo lililozaa ufundi wa DJ wanaousifu vijana wetu. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, msichana aitwaye Cindy Campbell alifanya tafrija ya kiingilio ili apate pesa za nguo za shule. Kaka yake, Clive Campbell mzaliwa wa Jamaika, anayejulikana kama DJ Kool Herc, ndiye aliyecheza santuri. Alikuwa ametambua kwamba wachezaji wanangojea kile kipande kifupi cha ngoma tupu katikati ya wimbo, akawa anatumia santuri mbili zilezile ili kukirudia kipande hicho kirefu zaidi. Muziki wa hip-hop unahesabiwa kuanzia tafrija hiyo. Kumbe ilikuwa harambee ya sare!

Namna ya kuchanganya nyimbo si siri. Nyimbo nyingi za kucheza zinahesabika moja, mbili, tatu, nne. Sikiliza wimbo unaokuja kwa sikio moja katika hedifoni, na unaochezwa kwa sikio la pili. Linganisha mwendo wao, kisha achilia wa pili pale wa kwanza unaposema “moja”. Kabla hujauingiza, punguza besi yake kwenye miksa. Ukishaingia, toa besi ya ule unaoondoka na urudishe ya huu. Besi mbili kwa pamoja ni matope. Laptopu za siku hizi zinaweza kulinganisha mwendo zenyewe, lakini hazijui kwamba mwimbaji bado hajamaliza sentensi yake. Na kama mwendo haukaribiani, kwa mfano rege na benga, au chakacha ya Pwani ambayo ina hesabu yake, usilazimishe. Acha wimbo uishe, MC aseme neno, uanze mwingine. Kimya cha sekunde mbili hakijamuua mtu.

Tuongeze kidogo juu ya masikio. Desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8. Kila zinapopanda 3, muda unakatwa nusu, hata kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Kipimo cha kijijini ni hiki: kama aliye karibu nawe kiasi cha mkono mmoja hakusikii mpaka upige kelele, sauti imezidi. Fungeni kamba mbele ya spika, watoto wasikae hapo. Uziwi wa namna hii hauna tiba ya kuurudisha.

Sheria pia zipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa 2.00 jioni hadi saa 12.00 asubuhi, na kiwango kinachoruhusiwa ni cha chini sana, kwa hiyo ombeni kibali mapema. Na kwa kuwa mnacheza nyimbo za watu kwa malipo, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inawahusu. Vyama vinavyokusanya pesa za wanamuziki vimekuwa vikibadilika, basi kabla ya kumlipa yeyote ulizeni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni nani mwenye leseni mwaka huo.

Limebaki jambo ambalo mwenyekiti mmoja alitunong'oneza pembeni, na afadhali lisemwe mbele ya wote. Ni disko matanga. Wateja wa haraka zaidi ni wafiwa, kwa sababu kifo hakingojei mavuno, na muziki wa usiku kucha huvuta watu wa kuchanga pesa za mazishi. Tunajua hesabu ya mara 60 ingepungua upesi kwa njia hiyo. Lakini tunajua pia, na machifu na walimu wanajua, ni watoto gani wanaotoroka nyumbani usiku huo, na ni wasichana wangapi hawarudi darasani. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado inachezwa. Sisi shauri letu ni kukataa. Hatusemi haina gharama. Kikundi kimoja kilikubaliana kukodisha matangani mchana tu, kwa hotuba na nyimbo za mazishi, na mitambo irudi kabla ya giza. Kiliwapoteza wateja fulani kwa mtu binafsi wa sokoni, na mkopo ukachukua muda mrefu zaidi kulipika. Bado kinalipa. Kama ninyi mtaamua vingine, amueni mkiwa wote mmekaa, akina mama wakiwamo, na iandikwe katika kumbukumbu kabla simu ya kwanza haijapigwa. Simu ikishapigwa, na maiti iko nyumbani, hakuna mwenye nguvu ya kusema la.

Mwisho ni daftari. Kila kitu kiandikwe kinapotoka: spika 2, miguu 2, maiki 2, waya ngapi za urefu gani. Waya mbovu ifungwe fundo palepale isirudi kati ya nzima. Sherehe ikiisha watu wanachoka, ni usiku, dereva anapiga honi. Ndipo maiki inaposahaulika juu ya meza ya keki. Waendeshaji wote wawili wahesabu pamoja kwa tochi na watie sahihi kabla gari halijaondoka.