Mizani ya Majini



Tumepewa heshima ya kusema machache katika sikukuu hii ya kutimia miaka kumi ya chama chetu kikuu, na hapana shaka baadhi yenu mtastaajabu kusikia kwamba tumechagua kuzungumza habari za meli. Kiberege haina bandari, wala wengi wetu hatujapata kuliona ziwa kubwa kwa macho. Lakini kila alimaye mpunga bondeni ajua kuwa masika yanapokolea mto Kilombero huacha kuwa mto ukawa kama bahari, na njia ya shambani ikawa njia ya mtumbwi. Kwa hiyo yaliyowapata wenzetu huko maziwani yanatuhusu sisi pia.

Tuanze Kigoma. Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg huko Ujerumani, iliundwa meli ya chuma yenye urefu wa mita 71 hivi, ikaitwa Graf von Goetzen. Kwa kuwa haikuwapo njia ya maji ya kuifikisha Ziwa Tanganyika, ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikachukuliwa kwa Reli ya Kati, ile ipitayo Morogoro na Kilosa. Kigoma ikaunganishwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Fikirini kazi ya karani aliyeyapokea makasha yale! Makarani wetu wa maghala, ambao kila msimu hulalamika kwamba magunia ni mengi kuliko daftari, wangepata la kujifunza kwake.

Vita vilipowazidi, Wajerumani waliizamisha meli yao kwa mikono yao wenyewe, mwezi wa Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito, kwa tumaini kwamba siku moja wangeiopoa. Hawakupata wao nafasi hiyo. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali ya kufaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lile. Kwa miaka mingi sana ikachukua watu, dagaa na mazao kati ya Kigoma na Mpulungu, na penye vijiji visivyo na gati mitumbwi ikaijia ubavuni kupakia na kupakua. Meli iliyokaa miaka kadhaa chini ya maji ikawa mzee wa ziwa, maana waliotaka izame waliizamisha kwa uangalifu.

Sasa tutazame meli ambazo hakuna aliyetaka zizame.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilikuwa yakaribia Mwanza ikitoka Bukoba. Ilikuwa imepita Kemondo na kuongeza abiria na shehena, zikiwamo ndizi za wakulima kama sisi. Ikalala upande, ikapinduka. Kwa muda ilielea kichwa chini, na watu waliokuwa wamefungiwa ndani wakasikika wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwa tundu lile, na meli ikazama mbele ya macho yao. Hatuwezi kuwalaumu watu waliosikia ndugu zao wakigonga.

Meli ile iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa yakadiriwa walipita 800, na wengi wao wamezikwa Igoma, Mwanza. Twasema yakadiriwa, na neno hilo ndilo lililotufanya tusimame hapa leo. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Mama aliyekwenda kuuza mkungu wake wa ndizi alikata tiketi, akapanda, akafa, na hakuna daftari lililojua kwamba alikuwamo.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, huko Ukerewe. Ilikuwa siku ya soko. Kipimo chake kilikuwa watu 101. Kikapinduka hatua chache kabla ya kufika gatini, na watu zaidi ya 200 wakafa, wakiiona nchi kavu.

Mtu asiyejua mambo ya maji huuliza, mbona chombo kilichoelea safari nzima kizame mlangoni? Mvuvi wa Kindamba atamjibu bila kusoma kitabu. Mtumbwi uliojaa hutulia maadamu watu wameketi na mzigo u chini. Mtu mmoja akisimama, uzito hupanda juu. Wawili wakiegemea upande mmoja ili washuke upesi, ukingo huinama, maji huingia, na maji yakishaingia hukimbilia upande ule ule ulioinama. Chombo kilichopakiwa kwa kipimo huweza kuinama kikarudi. Kilichozidishiwa hakirudi.

Waingereza walilijua jambo hili kwa msiba. Karne ya kumi na tisa mabaharia wao walikuwa wakifa katika meli zilizoshindiliwa mizigo, mpaka mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, akapiga kelele Bungeni, na mwaka 1876 ikapitishwa sheria kwamba kila meli ichorwe alama ubavuni. Maji yakiifunika alama, basi meli imezidishiwa, hata mwenye mali aape vipi. Alama ile hutumika duniani kote hata leo. Ni mizani isiyohitaji mpimaji.

Turudi kwetu. Januari 2016 pantoni la Kilombero lilipinduka pale Kivukoni, Ifakara, katika upepo mkali na mvua. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja la mita 384, na mpunga wa ng'ambo sasa wapita juu ya maji kwa lori. Tunashukuru sana. Lakini daraja halifiki mashambani. Masika yakija, mbegu, majembe, watoto na magunia yetu huvuka kwa mtumbwi na upondo kama walivyovuka babu zetu, wala hakuna askari wala karani asimamaye pale.

Na hapa hatuna budi kusema ukweli juu ya nafsi zetu. Mwenye mtumbwi hulipwa kwa safari. Sisi wakulima, tena wenye akili nyingi, ndio tumwambiao, "Ongeza magunia mawili, mzee, tusilipe mara mbili." Tumesema hivyo sote tunaosimama hapa. Msimu mmoja tuliongeza mawili, kisha kijana mmoja akaketi juu ya magunia kwa kukosa nafasi. Magunia tuliyaopoa siku ya pili, yamevimba. Kijana tulimpata siku ya nne.

Chama hiki kilianza kwa ugomvi wa mizani. Tulikataa mpunga wetu upimwe kwa jicho la mnunuzi, tukadai kila kilo iandikwe mbele ya mwenye nacho. Miaka kumi tumelinda haki ya gunia kwa bidii kubwa kuliko tulivyomlinda aliyelibeba.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya Kamati. Sasa ni kiangazi, mitumbwi imepandishwa ukingoni na mafundi hawana kazi nyingi. Kila mtumbwi unaovusha wanachama ushushwe majini mara moja, mahali pa kina kifupi, upakiwe magunia yaliyopimwa kwa mizani ya ghala letu, huku mwenye mtumbwi na wazee wa uvuvi wakitazama, na pale wazee watakaposema basi, fundi achonge alama ubavuni. Karani aandike daftarini idadi ya magunia na ya watu. Nauli ya safari ya pili, kwa mwanachama ambaye mzigo wake umebaki, ilipwe na chama. Mweka Hazina ametukunjia uso tangu tulipomnong'oneza habari hii, lakini hajasema hapana.

Mitumbwi ya kwanza iko tayari, na wenyewe wamekubali.