Baiskeli ya Mtoto Ipimwe Kama Nguo

(Maneno ya Mweka Hazina katika chakula cha hisani, Dar es Salaam)

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti, wana Iramba wenzangu,

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo naanza na hesabu. Miaka miwili iliyopita chama kilimnunulia binti mmoja mwenye mtindio wa ubongo baiskeli ya magurudumu matatu. Hati ya malipo niliisaini mimi, wala sikuuliza kimo chake. Mwaka huu nilipokwenda nyumbani niliikuta kwenye banda la kuku. Kiti ni cha mtu mzima, miguu yake haifiki kwenye pedali, rangi ni ya kijivu kama kitanda cha wodini. Mama yake alinieleza bila hasira: "Kaka, alijaribu mara mbili akaanguka. Tena wenzake wakamwita mgonjwa." Hadi leo anambeba mgongoni kwenda shule, na mtoto anazidi kuwa mzito.

Kwenye vitabu vyetu ile ni mali. Ukweli ni hasara, na hasara hiyo naibeba mimi.

Safari hii tunaomba fedha za baiskeli sita, kwa utaratibu mwingine. Mtoto apimwe kwanza: paja, nyonga, urefu wa mikono. Kiti kiwe na egemeo na mkanda, kisogezwe kadiri anavyokua. Nyayo zifungwe kwenye pedali zisiteleze; asiyeweza kutumia miguu azungushe kwa mikono. Magurudumu ya nyuma yatanuke asipinduke, lakini yapite mlango wa darasa. Nyuma pawe na mpini, mzazi asukume penye mchanga. Tairi, spoku na mnyororo viwe vile vinavyouzwa gulioni, ili fundi wa kijijini aweze kutengeneza.

Rangi achague mtoto. Msiseme ni anasa. Nilimuuliza yule binti, akataka nyekundu, kengele, na kikapu cha madaftari. Baiskeli ambayo wenzake wataomba wapande, hataionea haya.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya elimu. Lakini sheria haina magurudumu.

Kwa upande wangu naahidi hivi: fundi atalipwa sehemu ya mwisho baada ya mtoto kuiendesha mbele ya mwalimu wake. Baiskeli ya kwanza ni ya binti yule.

Bahasha ziko mezani.