Breki za Makambako Hupimwa Kitonga

Ndugu Mmiliki wa Gereji, Mwenyekiti wa Mtaa, vijana wahitimu, wazazi na ndugu wananchi wa Makambako,

Nashukuru kwa heshima ya kuwa mgeni rasmi katika mahafali haya ya mafundi. Nimetembezwa gereji nzima, kuanzia shimoni hadi kwa fundi umeme. Pale mlangoni nimemkuta kijana ameshika beringi iliyotolewa kwenye gurudumu la Hiace. Akaizungusha karibu na sikio la mwenye gari: "Sikia inavyokwaruza, mzee." Mzee akalipa bila kunung'unika. Fundi akikuonyesha spea ya zamani, huna sababu ya kumshuku.

Mji huu unakula kwa njia. Barabara ya Zambia inapita hapa, ya Songea inaanzia hapa, na reli ya TAZARA ina stesheni hapa. Lori likilala gereji, dereva na utingo wanakula kwa mama lishe na kulala gesti. Fundi mmoja akimwibia dereva, habari zitafika Tunduma leo leo, na hasara itakuwa ya mji mzima.

Wahitimu, lori la shaba mnalolifunga breki hapa linakwenda kushuka mlima wa Kitonga. Dereva ataweka gia nzito, lakini kama mpira wa upepo mmeufunga kwa waya, gia haitamwokoa, wala walio mbele yake. Tajiri akisema, "Funga hivyo hivyo, litafika," mkatalieni. Heri akasirike.

Nanyi mafundi wazoefu mliojifunzia kazi chini ya mti, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa kwa kazi yako, ukifaulu unapata cheti. Msione haya kupimwa pamoja na vijana mliowafundisha wenyewe.

Katika risala yenu mmeomba eneo la kudumu la magereji. Kiwanja sina, kwa hiyo siahidi. Ombi hilo nitalifikisha Halmashauri ya Mji kwa maandishi. Lakini nimeona oili chafu mtaroni. Anzeni leo kuikusanya kwenye mapipa, ili nikisimama kuwatetea nisiulizwe kuhusu mtaro.

Baada ya kusema hayo, nawapongeza wahitimu wote, na sasa niko tayari kuwakabidhi vyeti na masanduku ya spana.