Safari ya Uvuvi wa Michezo Hupangwa Nchi Kavu

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa shehia za pwani)

Ndugu watumishi wa Serikali, Waheshimiwa Masheha, wanakamati wa wavuvi, na wakaazi wenzangu,



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya mgeni anayekuja visiwani kwetu kuvua samaki kwa burudani, na namna safari yake inavyopaswa kupangwa. Huenda baadhi yenu mkajiuliza: jambo hili linamhusu nini karani wa Wilaya, mwalimu wa skuli, au mama anayeuza samaki markiti? Jawabu ni kwamba mgeni huyo, kabla ya kumfikia nahodha, huuliza kwanza kwa yeyote anayemkuta. Huuliza bandarini, dukani, afisini na njiani. Atakalojibiwa ndilo litakaloamua atapanda chombo gani, atatoka siku gani na atarudi na samaki gani. Jawabu la ovyo laweza kugharimu roho za watu na riziki ya wavuvi wetu. Kwa hiyo kila mmoja wetu ana sehemu yake katika jambo hili, apende asipende.

Uvuvi wa michezo ni kuvua kwa ufito wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa madhumuni ya kushindana na samaki, si kwa ajili ya kumuuza. Njia yake kubwa baharini ni kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Neno hilo ni letu wenyewe, kwani wazee wetu wamerambaza kwa ngalawa na mashua tangu zamani. Kilichokuja na wageni ni ufito, mashine na kawaida ya kumwachia samaki aende zake baada ya kushindwa. Wala desturi hii si ya jana katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway alivua katika pwani ya Kenya mwaka 1934, na mpaka leo Malindi, Watamu na Shimoni zinajulikana na wavuvi wa namna hiyo duniani.

Ni vyema tufahamu kwa nini mgeni huyo huitaja Pemba kabla ya kuitaja Unguja. Baina ya Unguja na Tanganyika maji ni ya kina kifupi, na sehemu kubwa haizidi mita 50. Baina ya Pemba na bara, mkondo una umbali wa kilomita 50 hivi tu, lakini kina chake kinapindukia mita 800. Maji hayo ya kina kirefu yapo karibu na ufukwe, na mkondo mkubwa wa pwani hupita hapo ukielekea kaskazini. Samaki wa bahari kuu, ambao katika nchi nyengine hufuatwa kwa safari ya masaa mengi, hapa huwa karibu na mwamba: nduaro, sulisuli, jodari, nguru na fulusi. Hiyo ni neema tuliyopewa na Mwenyezi Mungu bila ya kuifanyia kazi. Kuitunza ndiko kunakohitaji kazi.

Mipango ya safari ya namna hii, ndugu zangu, inasimama juu ya maswali manne.

Swali la kwanza ni lini. Mgeni aliyezoea nchi za baridi huchagua likizo kwa kalenda ya kazi yake, na mara nyingi huja Julai. Huo ni wakati wa kusi. Upepo huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka, na upande wa mashariki wa visiwa vyetu mawimbi hupiga juu ya mwamba. Atakayeuliza na aelezwe ukweli huo kabla hajalipa nauli. Wakati bora wa nduaro na sulisuli ni kaskazi, kuanzia Disemba hadi katikati ya Machi, bahari inapotulia na joto kuzidi. Jodari hupita kwa wingi zaidi kuanzia Agosti hadi Novemba, kusi inapopungua. Mvua kubwa za masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, si wakati wa kumshauri mtu atumie fedha zake baharini.

Baada ya msimu kuna mwezi. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita nne. Chombo kilichotoka alfajiri juu ya maji ya kutosha huweza kurudi mchana kikakuta mwamba uko wazi na mlango haupitiki. Kwa hiyo saa ya kutoka na ya kurudi haipangwi na hoteli. Hupangwa na maji, na anayeyajua maji ni nahodha wa hapo hapo. Na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania isikilizwe usiku wa kuamkia safari na asubuhi yake. Ikitolewa tahadhari ya upepo mkali, safari iahirishwe, hata kama mgeni anaondoka kesho. Fedha zilizorudishwa hupatikana tena.

Swali la pili ni chombo gani na nani nahodha wake. Hapa sitapindapinda maneno. Sisi ni watu wa visiwa tuliokwisha kuzika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai, 2012, katikati ya kusi, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe. Zile zilikuwa meli za abiria na hizi ni boti ndogo, lakini somo ni moja: uzito uliozidi na bahari iliyochafuka havimjui mwenyeji wala mtalii. Bahari haishi zinge.

Basi anayetaka kukodi chombo na aangalie haya kwa macho yake, chombo kikiwa bado kimefungwa:

(a) Cheti cha ukaguzi kilichotolewa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, kisichopitwa na tarehe, pamoja na idadi ya watu wanaoruhusiwa.

(b) Jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, akiwemo nahodha na baharia wake, na yawe ya kutosha kifua cha mvaaji.

(c) Redio ya mawasiliano au simu iliyohifadhiwa isirowe, dira, nanga, sanduku la huduma ya kwanza, na mashine ya akiba. Katika kina cha mita 800 nanga haifiki chini, na mashine ikizimika chombo huchukuliwa na mkondo.

(d) Mafuta ya kwendea, ya kurudia, na theluthi moja zaidi.

(e) Jina la mtu aliyebaki nchi kavu, anayejua chombo kimeelekea wapi na kinatarajiwa saa ngapi, na ambaye atatoa taarifa bandarini kikichelewa.

Hili la mwisho halina gharama yoyote, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Masheha wanaombwa walisisitize. Aidha, tangu tarehe 1 Oktoba, 2024, mgeni wa kigeni anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar anapoingia nchini. Bima hiyo ni jambo jema, lakini haimwondolei mwenye chombo hata chembe ya wajibu wake. Vile vile isisahauliwe kwamba baharia naye ni mtu. Mwenye kukodisha chombo huuliza mara nyingi usalama wa mgeni, na kijana anayeshika ndoana tezini hakuna anayemuuliza.

Swali la tatu ni wapi na kwa idhini gani. Bahari yetu si shamba lisilo na mpaka. Mwamba wa Chumbe ni hifadhi tangu mwaka 1994, na hapo havuliwi samaki hata mmoja. Ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, na Mkondo wa Pemba, upande wote wa magharibi wa kisiwa hicho, tangu mwaka 2005. Katika maeneo haya zipo sehemu za kuvua kwa masharti na sehemu zilizofungwa kabisa, kama vile sehemu ya mwamba wa Misali. Leseni na maelekezo hutolewa na Wizara inayohusika na uvuvi Zanzibar. Anayekusudia kutoka nje ya maili 12 aulize kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao makuu yake Fumba. Mtumishi wa Serikali asiyejua jambo hili asibuni jawabu. Amwelekeze muulizaji afisi inayohusika, na huo ndio utumishi bora.

Swali la nne, ambalo mgeni haliulizi na sisi ndio wa kumkumbusha, ni samaki ni wa nani. Wenye boti wengi huhesabu samaki aliyevuliwa kuwa mali ya chombo, na mgeni hudhani ni mali yake. Ugomvi unaozuka jioni ufukweni chanzo chake ni kutokubaliana asubuhi. Mapatano na yaandikwe: bei, saa, chakula, chambo, gharama ya chombo cha kuvulia kitakachovunjika, na mgao wa samaki.

Kwa nduaro na sulisuli, ushauri wetu ni mmoja: aachiwe akiwa hai. Samaki hawa hukata bahari za mataifa mengi na hawana mwenyewe. Mwaka 2018 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilipitisha azimio la kuwalinda, likiwekea mipaka uvuvi wao, likikataza kubakisha chomboni walio chini ya sentimita 60, na kuhimiza walio hai warudishwe baharini. Ndoana ya duara humshika samaki pembeni mwa mdomo, na humwezesha kuishi akiachiwa. Asitolewe majini kwa ajili ya picha. Picha ipigwe akiwa ubavuni mwa chombo. Ama nguru, fulusi na jodari, hao ni kitoweo. Wavuliwe kwa kiasi, wala asitupwe hata mmoja. Kilichozidi mahitaji ya chombo kifike markiti au kwa wenye haja kikiwa bado kibichi.

Mwisho, ndugu zangu, nizungumzie nyavu. Usiku na alfajiri wavuvi wetu hutega majarife katika maji yale yale yanayopitwa na boti za mchezo. Jarife moja ni rasilimali ya familia kadhaa. Boti ikilipitia, mgeni hupoteza chambo kimoja, na mvuvi hupoteza msimu wake mzima. Kwa hiyo nahodha wa boti ya mchezo, kabla ya kutoka, apite kwa Kamati ya Wavuvi ya Shehia aulize nyavu zimetegwa wapi, na akiziharibu alipe bila ya kuburuzana. Wavuvi nao waweke maboya na taa zinazoonekana. Bahari hiyo inatutosha sote iwapo tutapeana khabari.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona iwapo mgeni ataondoka na samaki wake, akamwachia jarife lililochanika na kijana aliyezama. Atapona iwapo kila safari itampa kazi baharia wa kijijini, itampa mteja muuza chambo, itaipa Serikali ada yake ya halali, na jioni itawarudisha wote waliotoka asubuhi, kwa idadi ile ile.

Kwa hayo machache, mtakapoulizwa na mgeni, nawaomba mumjibu kwa utulivu: msimu wako ni huu, maji yako ni haya, chombo chako kikague hivi, idhini yako iko afisi ile, na samaki wako mkubwa mwachie aende. Anayejibiwa hivyo hurudi mwaka wa pili na akawaleta wenzake.

 

Afisa Habari